Nani Alikuambia? Sheria Zinazolinda Siri ya Mwanahabari na ya Mkazi Anayefichua Uovu

SOMO LA URAIA

Somo letu katika toleo hili linahusu swali fupi ambalo limewafunga wengi midomo: "Nani alikuambia?" Huulizwa mwanahabari aliyeandika kuhusu dawa zilizotoweka katika zahanati. Huulizwa muuguzi anayeshukiwa kutoa nakala za stakabadhi za dawa hizo. Huulizwa pia mkulima aliyesimama katika baraza na kusema kwamba daraja lililolipiwa halijajengwa.

Wakazi wengi hudhani kwamba yeyote mwenye cheo akiuliza swali hilo ni lazima ajibiwe. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba mwanahabari akikuahidi kulificha jina lako, hakuna nguvu yoyote duniani inayoweza kumfanya alitaje. Dhana zote mbili si sahihi. Ukweli ni kwamba ulinzi unaoupata hutegemea sana njia uliyoipitishia habari yako. Ukiifahamu njia kabla ya kusema, utaepuka madhara mengi.

Ukimaliza somo hili utaweza:
1. Kueleza kwa nini sheria hulinda siri ya mtoa habari.
2. Kutaja ni nani anayeweza kukulazimisha kujibu, na ni nani asiyeweza.
3. Kutofautisha ulinzi anaoupata mtu anayeripoti kwa EACC, kwa polisi, kwa wakili na kwa mwanahabari.
4. Kuchukua hatua zinazofaa kabla ya kufichua jambo.

KWA NINI SIRI HULINDWA

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wizi wa mali ya umma mara nyingi hujulikana kwanza na mtu wa ndani: karani, dereva, mweka hazina wa kamati au mlinzi wa ghala. Mtu huyo akijua kwamba jina lake litatajwa kesho, atanyamaza leo. Anayeumia ni mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha.

Kenya imeyaona hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo makubwa yakifanywa kwa kampuni iliyodai kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi, na akatoa stakabadhi zilizosaidia kufichua sakata ya Goldenberg, ambayo iliigharimu nchi mabilioni ya shilingi. Alikamatwa mwaka wa 1993 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Ingawa kesi hiyo haikumfunga, alipoteza kazi, na hakurejeshwa hadi alipofariki mwaka wa 2006.

Wakati huo hapakuwa na Katiba ya 2010, wala sheria nyingi tutakazozitaja hapa. Tuzisome tukikumbuka kwamba zimetungwa ili atakayefuata asipatwe na yaliyompata karani huyo.

KATIBA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya ya 2010 haina kifungu kinachotaja moja kwa moja "siri ya chanzo cha habari." Hata hivyo, vifungu kadhaa vikisomwa pamoja vinajenga ulinzi huo.

Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha. Haki hiyo ni pamoja na kutopekuliwa mwilini, nyumbani au katika mali yake, kutonyang'anywa vitu vyake, kutolazimishwa pasipo sababu kutoa habari kuhusu familia au mambo yake ya binafsi, na kutoingiliwa katika mawasiliano yake.

Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ikiwa ni pamoja na kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kinaizuia Serikali kudhibiti au kuingilia kazi yao, au kumwadhibu mtu kwa sababu ya maoni au maudhui aliyochapisha.

Kifungu cha 236 kinamlinda mtumishi wa umma. Hafai kudhulumiwa wala kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kwa mujibu wa Katiba na sheria. Pia hawezi kufutwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa haki kufuatwa.

Nyingi za haki hizi zina mipaka. Lakini Kifungu cha 24 kinasema mipaka hiyo ni lazima iwekwe na sheria, iwe ya busara, na izingatie kama kuna njia nyingine isiyoumiza haki sana. Yaani, kama mpelelezi anaweza kupata ushahidi kutoka kwa vitabu vya hesabu, ni vigumu kueleza kwa nini amkamue mwanahabari jina la aliyempa habari.

MWANAHABARI NA CHANZO CHAKE

Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinamtaka mwanahabari, kwa jumla, kulinda vyanzo vyake vya siri. Kanuni hizo zinaongeza jambo ambalo wakazi wengi hawalijui: chanzo kisichotajwa jina kitumiwe tu pale ambapo kufanya hivyo ndiyo njia bora ya kuufikia ukweli, na chanzo hicho ni lazima kijulikane na mwandishi pamoja na mhariri. Kwa hivyo mwandishi akikuahidi siri, fahamu kwamba huenda mhariri wake pia akalijua jina lako. Muulize mapema.

Je, mahakama inaweza kumlazimisha mwanahabari kutaja jina? Hapa ndipo penye utata. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, ina orodha ya watu ambao hawawezi kulazimishwa kutoa siri fulani. Mwanahabari hayumo katika orodha hiyo. Aidha, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, sehemu ya 152, inairuhusu mahakama kumweka rumande kwa muda usiozidi siku nane shahidi anayekataa kujibu maswali bila sababu ya kutosha, huku kesi ikiahirishwa.

Maneno ya kuzingatia ni "bila sababu ya kutosha." Mwanahabari anaweza kuieleza mahakama kwamba sababu yake ni Katiba na maadili ya kazi yake. Mahakama ndiyo itakayopima.

Katika kupima, kuna mwongozo wa Afrika. Mwaka wa 2019 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa Azimio kuhusu uhuru wa kujieleza na upatikanaji wa habari. Kanuni yake ya 25 inasema mwanahabari asilazimishwe kutaja chanzo isipokuwa kwa agizo la mahakama, baada ya kesi kusikizwa kwa haki na hadharani. Hata hapo, mambo matatu yatimizwe:
- Jina hilo liwe linahitajika ili kuchunguza au kushtaki kosa kubwa, au kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai.
- Habari hiyo isiweze kupatikana kwingine.
- Manufaa ya umma katika kulitaja jina yazidi madhara kwa uhuru wa kujieleza.

Karibu zaidi na sisi, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ilitoa uamuzi tarehe 15 Mei 2015 katika kesi ya chama cha wanahabari wa Burundi dhidi ya serikali yao. Sheria ya Burundi ya mwaka wa 2013 iliwataka wanahabari kutaja vyanzo katika mambo kama usalama wa taifa na utulivu wa umma. Mahakama iliona kwamba sharti hilo linakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa zipo njia nyingine za kushughulikia mambo hayo pasipo kuwalazimisha wanahabari kufichua vyanzo vyao. Kenya imetia saini Mkataba huo huo.

Miezi michache baadaye, Novemba 2015, mwandishi wa gazeti moja la kitaifa alikamatwa na wapelelezi katika Majengo ya Bunge, Nairobi, kwa sababu ya habari kuhusu matumizi ya fedha katika wizara inayosimamia usalama wa ndani. Alitakiwa aseme aliyempa habari. Kumbe habari yenyewe ilitokana na kikao cha kamati ya Bunge. Aliachiliwa baada ya saa kadhaa. Tukio hilo linatufunza kwamba sheria ikiwa nzuri kwenye karatasi, bado ni lazima ijulikane na pande zote mbili, anayeuliza na anayeulizwa.

WENGINE WANAOLINDWA

Sheria ya Ushahidi inawataja watu hawa:

Wakili na mteja wake. Chini ya sehemu ya 134, wakili hawezi kutoa yale mteja wake aliyomwambia katika kazi ya uwakili bila idhini ya mteja. Ulinzi huu hauhusu mazungumzo ya kupanga uhalifu. Unawahusu pia makarani na wakalimani wa wakili.

Mume na mke. Chini ya sehemu ya 130, mtu halazimishwi kutoa maneno aliyoambiwa na mwenzake wakati wa ndoa, isipokuwa katika kesi fulani, kama vile kesi kati yao wawili.

Jaji, hakimu na afisa wa polisi. Chini ya sehemu ya 133, hawawezi kulazimishwa kusema walikopata habari kuhusu kutendeka kwa kosa. Ulinzi huu unamfaa mwananchi aliyempasha polisi habari.

Daktari na muuguzi hawamo katika orodha hiyo ya Sheria ya Ushahidi. Hata hivyo, Sheria ya Afya ya 2017 inataka habari za mgonjwa ziwe siri, na inataja mazingira machache ya kuzitoa, kama vile agizo la mahakama. Mkubwa wa kijiji, mwajiri au jamaa hawezi kwenda zahanati akadai kuonyeshwa kadi yako.

MKAZI AU MFANYAKAZI ANAYEFICHUA UFISADI

Hapa sheria ina nguvu zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, sehemu ya 65, inasema mtu hawezi kushtakiwa wala kuchukuliwa hatua za nidhamu kazini kwa kuisaidia EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, au kwa kuipa habari. Zaidi ya hayo, katika kesi ya ufisadi hakuna shahidi atakayetakiwa kumtaja aliyetoa habari, au kusema jambo linaloweza kumtambulisha. Mahakama inatakiwa kuhakikisha kwamba jina lake limeondolewa au kufichwa katika stakabadhi zinazotolewa. Mahakama inaweza kulegeza ulinzi huu pale tu inapoona kwamba haki haiwezi kutendeka kikamilifu bila kufanya hivyo. Na ulinzi huu haumfai mtu aliyetoa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuamini ni ya kweli.

Sheria ya Hongo ya 2016, sehemu ya 21, inafanya kuwa kosa la jinai kumshusha cheo, kumfuta, kumhamisha mahali pabaya, kumtisha au kumsumbua mtu aliyefichua hongo au shahidi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, sehemu ya 16, inamlinda mtu aliyetoa habari za siri alizozipata kazini, ikiwa amezitoa kwa manufaa ya umma. Habari ikipelekwa kwa taasisi ya kutekeleza sheria au taasisi ya umma inayohusika, huchukuliwa kuwa imetolewa kwa manufaa ya umma. Anayetoa habari za uongo kwa nia mbaya ya kumdhuru mwenzake anatenda kosa.

Hatimaye, Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006 inamhusu mtu ambaye maisha yake yako hatarini kwa sababu ya ushahidi wake. Shirika la Kulinda Mashahidi linaweza kumpa ulinzi maalum.

UKIMWAMBIA NANI, UNALINDWA VIPI?

Tuchukue mfano. Muuguzi ana nakala za stakabadhi zinazoonyesha dawa zimepokelewa, ilhali ghala ni tupu.

Akiripoti kwa EACC, jina lake linalindwa na sheria yenyewe. Tume hiyo pia ina njia ya kuripoti kwa mtandao bila kutaja jina.

Akimwambia afisa wa polisi, afisa huyo hawezi kulazimishwa kusema habari ilikotoka. Lakini muuguzi akiandikisha taarifa rasmi kama shahidi, huenda akaitwa mahakamani.

Akimwona wakili kwanza, mazungumzo yao ni siri. Hii ni njia njema kwa anayetaka ushauri kabla ya kuamua.

Akimpa mwanahabari, analindwa na maadili ya mwanahabari na haki za Katiba, lakini neno la mwisho ni la mahakama.

Akiweka stakabadhi hizo mwenyewe kwenye Facebook au kundi la WhatsApp, hakuna wa katikati wa kumficha. Yeye ndiye mchapishaji. Anaweza kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina, na wapelelezi wanaweza kuiomba mahakama agizo la kupata rekodi kutoka kwa kampuni ya mawasiliano.

NANI ANAWEZA KUKULAZIMISHA?

Chifu, msimamizi wa wadi, mwakilishi wadi, mwanakandarasi na afisa yeyote wa kaunti, hata awe wa cheo gani, hana mamlaka ya kisheria ya kukulazimisha wewe au mwanahabari kutaja aliyekupa habari. Anaweza kuuliza, nawe unaweza kukataa kwa heshima. Hawezi kuchukua simu yako ili aangalie ulizungumza na nani.

Polisi wanaweza, kwa maandishi, kumtaka mtu anayeaminika kuwa na habari kuhusu kosa kufika kituoni. Hayo yamo katika Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, sehemu ya 52. Usipuuze wito huo. Kutofika bila sababu njema ni kosa. Lakini hulazimishwi kujibu swali linaloweza kukutia wewe mwenyewe hatiani. Ukiwa umekamatwa, una haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba. Wakitaka kupekua nyumba, ofisi au kompyuta, uliza kwa upole hati ya mahakama, uisome, na uandike tarehe na jina la aliyeitia saini.

Mahakama ndiyo yenye uwezo wa kumwamuru mtu ajibu, baada ya kumsikiza. Ukipata samansi, nenda. Peleka hoja zako kwa hakimu, usijifiche.

HATUA ZA KUCHUKUA KABLA YA KUFICHUA JAMBO

1. Uliza hadharani kwanza, kama inawezekana. Mara nyingi huhitaji siri. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, raia anaweza kuomba rekodi za serikali kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na hatakiwi kueleza sababu. Afisa ana siku 21 kuamua, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman.

2. Tenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia. Andika tarehe, mahali na kiasi. Sheria inamlinda anayeamini kwa dhati anachokisema.

3. Linda siri za wasiohusika. Stakabadhi ya dawa ikiwa na majina ya wagonjwa, yafunike. Kufichua wizi hakukupi ruhusa ya kuanika maradhi ya jirani.

4. Chagua njia moja na uifuate. Ukiwaeleza watu kumi kabla ya kuripoti, sheria itakuwa na kazi ngumu ya kuficha kilichokwisha kujulikana.

5. Ukizungumza na mwanahabari, kubaliana naye kabla ya kusema neno: je, jina litatumika? Nani mwingine atalijua? Atahifadhi wapi nakala?

6. Ukiadhibiwa kazini, weka barua zote, kisha tafuta msaada. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria huwasaidia wasioweza kumlipa wakili. Na Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kudai haki zako bila kulipa ada ya kufungua kesi hiyo.

Wakuu wa idara nao wanafaa kulisoma somo hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 96, inaitaka kila kaunti kuteua ofisi ya kuhakikisha wananchi wanapata habari. Afisa anayejibu maombi kwa wakati hana haja ya kuuliza nani alivujisha. Na anayeanza kwa kumsaka aliyesema, kabla ya kuchunguza kilichosemwa, huenda akajikuta yeye ndiye aliyevunja sheria.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA AU CHAMA

1. Mwenyekiti wa kamati ya maji anamtaka mtangazaji wa redio ya jamii amtaje aliyepiga simu kulalamika kuhusu pesa za kisima. Mtangazaji amjibu vipi?
2. Karani ana ushahidi wa hongo. Eleza tofauti kati ya kuupeleka EACC na kuuweka katika kundi la WhatsApp la kijiji.
3. Mwanahabari ameitwa mahakamani katika kesi ya mauaji. Jina la chanzo chake ndilo pekee linaloweza kumwokoa mshtakiwa asiye na hatia. Je, alitaje? Tumia masharti matatu ya Kanuni ya 25 kutetea jibu lako.
4. Ni habari gani kuhusu mradi wa wadi yenu mngeweza kuiomba kwa barua wiki hii, badala ya kungoja mtu aivujishe?